Baiskeli ya Kukunja Mlangoni kwa Mbaluka

Kacha! Usiku ule nilisikia mlio huo mmoja nje ya nyumba za reli hapa Makongeni, mkavu, wa chuma kukutana na chuma, kisha kimya. Asubuhi Mzee Mbaluka alipotoka zamu ya usiku, alikuta mlangoni pake baiskeli ya kijani iliyokunjwa katikati. Hakuingia ndani. Aliibeba hadi kwenye benchi letu la kahawa, akaiweka chini, akakaa. Mwanawe, mwanajeshi, alipelekwa kulinda amani Yugoslavia, kisha habari zake zikakatika, na mzee akatukataza kulitaja jina lake. “Mtalitaja siku ya kumpokea, ama siku ya kumzika.” Tulitii.

— Niaje wazee? Hiyo ni machela ama nini? aliuliza Redio, karani anayesikiliza idhaa zote za dunia.

— Baiskeli, Mbaluka akasema. Mwanajeshi mwenzake aliyerudi aliniambia kijana wangu amenunua moja huko, ya kukunja, kuukuu ya jeshi. Sasa imekuja peke yake. Si jeshi hurudisha vitu vya marehemu?

Spana, fundi wa baiskeli, aliinama haraka juu ya bawaba ya kukunjia.

— Buda, hizi ziko mingi duniani. Zilitengenezewa wanajeshi wa parachuti. Unashuka nayo, unaikunjua, unapotea.

— Na vita vikiisha? nikauliza.

— Raia wananunua. Mzungu anaikunja, anapanda nayo treni, anaisukuma chini ya meza ya ofisi.

— Hujamaliza! Redio akadakia. Parachuti ikikataa kufunguka, unaanza kupiga pedali huko huko juu. Unashuka polepole.

— Wacha, Redio!

— Haki ya mama! Na ukizingirwa, unaikunja mara ya pili inakuwa kiti. Unakaa, unaimba. Adui anafikiri ni ibada.

— Halafu?

— Halafu anatoa sadaka!

Tulicheka sana, kuliko kichekesho chenyewe. Kila uongo ulikuwa wa kumzuia mzee asifikirie. Hakucheka. Alikuwa anafuta tope kwenye usukani kwa kidole gumba, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto.

Ndipo akatokea Mukhwana, jirani yake aliyehamia wiki iliyopita, kikombe mkononi.

— Mzee, kumbe umeiona. Mgeni wako nimemlaza kwangu.

— Mgeni gani?

— Kijana aliyekuja nayo. Alikuta umefunga, uko zamu. Akaikunja, akaiacha mlangoni kwako. Akaniambia tu, “Mimi ni wa hapa,” akaanguka kwa kochi na viatu.

Kahawa ya Spana ilimmwagikia gotini, wala hakushtuka.

— Mzima? Mzee alisimama. Mikono? Miguu?

— Yote! Amekula ugali wangu wote, sasa anakoroma kama mashine ya kusaga. Uji uko tayari, na nikimtikisa hasikii. Nimwite kwa jina gani?

Swali jepesi. Wote tulilijua jibu, na hakuna aliyethubutu. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alijiziba mdomo kwa mkono. Mbaluka alivuka uwanja hadi chini ya dirisha la Mukhwana. Alivua kofia ya reli. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

— Ndete! aliita. Ndete wangu!