Alexis Cirhuza na Tarehe Mosi Oktoba

Marehemu Alexis Cirhuza Bisimwa alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 huko Katana, kando ya Ziwa Kivu, mtoto wa kwanza wa mzee Bisimwa na mama Esperance. Wadogo zake walimwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Amebaki mmoja wa kumwita hivyo, Honoré, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii.

Alisoma shule ya msingi Katana na sekondari mjini Bukavu, akapata diploma ya Serikali mwaka 1981, upande wa biolojia na kemia. Mama alikuwa ametangaza kanisani kwamba anazaa daktari. Mwaka 1983 Yaya akaajiriwa na idara ya uvuvi, kazi yake ikawa kupasua matumbo sambaza, wale dagaa wa Kivu, na kuandika kama wana mayai au hawana. Mama akaacha kutangaza.

Vita ilimtoa Bukavu mwaka 1998. Alipitia Tanzania, akafika kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Februari 2002 na mashati mawili na mizani ya kupimia samaki. Mwenye kuandikisha wakimbizi alimuuliza kazi yake. Yaya alieleza kwa dakika kumi. Yule bwana akaandika: mkulima.

Tarehe 17 Julai 2004, katika kanisa hili hili, alimwoa Capitoline Nizigama, mzaliwa wa Rumonge, Burundi. Asubuhi ya harusi bwana harusi alikutwa jikoni, amevaa suti, ameshika wembe, anapasua samaki wa karamu. Shangazi Spès, aliyekuwa mkuu wa sufuria, alimwuliza, “We bwana, bantu iko na njaa, unatafuta nini mu tumbo ya samaki?”

“Tarehe ya kutaga, mama.”

“Tarehe ni ya leo! Toka!”

Alitolewa kwa mwiko. Shangazi yuko hapa, anaweza kushuhudia.

Mwaka 2009 mdogo wake alianza kununua chambo, perege wa Ziwa Malawi, katika kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Salima, akiuza sokoni Kawale, mjini Lilongwe, na hapa kambini. Chambo ni samaki wa ajabu: mama akishataga, anabeba mayai mdomoni, na watoto wakitotolewa anaendelea kuwabeba humo. Ukimvua wakati huo umevua nyumba nzima. Kamati ya kijiji ililijua hilo, na kila mwaka ilisimamisha nyavu za kukokota kuanzia tarehe mosi Novemba. Yaya aliomba aletewe samaki wachache kila wiki, akawapasua na kuandika kwenye daftari. Watu wa Kawale walimwita Dokotala wa Nsomba, daktari wa samaki, na hawakumaanisha heshima. Sisi wa nyumbani tulicheka pamoja nao.

Baada ya miaka mitano aliona jambo ambalo kamati haikuliona. Mayai yalianza kukomaa mwishoni mwa Septemba, na Oktoba yote akina mama walikuwa wanataga na kujaza midomo. Nyavu zilisimama mwezi mzima baadaye. Kijiji kilikuwa kinalinda chumba cha uzazi baada ya kumzika mzazi.

Agosti 2014 aliandika barua kuiomba kamati isogeze tarehe: mosi Oktoba badala ya mosi Novemba. Jirani mmoja aliigeuza Chichewa. Kamati ilikuwa na mkutano wa kupanga tarehe Jumamosi, 13 Septemba. Yaya hakupata kibali cha kutoka kambini, kwa hiyo barua alipewa mdogo wake, aliyekuwa akifika kijijini kila Alhamisi.

Mdogo wake aliisoma njiani. Alielewa vizuri sana. Wateja wanapenda samaki mwenye mayai, na Oktoba ndio mwezi wake. Aliiweka barua chini ya kiti cha gari, akajiambia ataipeleka wiki ijayo. Alijiambia hivyo kila wiki hadi Oktoba ikaisha. Nyumbani alisema imefika, ila kamati imekataa.

Yaya hakugomba. Alisema, “Ile njo haki yao. Mukimbizi hana ziwa.” Kisha akaomba aletewe samaki wa wiki ile, akawapasua, akaandika.

Barua ilikabidhiwa tarehe 6 Novemba, msimu wa biashara ulipokwisha. Mwenyekiti wa kamati aliisoma mara mbili, akauliza, “Achimwene, ndugu yangu, mbona hii ni ya Agosti?”

“Usafiri, bwana.”

“Usafiri? Wewe uko hapa kila Alhamisi.”

Mwenyekiti akakunja barua. Alisema wazee wao wenyewe walikuwa wanalalamikia tarehe ile, na kwamba mwaka unaofuata watafunga mosi Oktoba. Akasema, “Mwambie kaka yako zikomo, tunashukuru sana.”

Mdogo wake hakumwambia. Kufikisha zikomo kungehitaji kueleza tarehe yake.

Januari 2015 Yaya alianza kuvimba miguu. Ilionekana ni figo. Alitibiwa Dowa, kisha Lilongwe, akikaa kwa jamaa Kawale karibu na hospitali. Jumamosi iliyopita mdogo wake alikwenda kumwona, akiwa amejiandaa kusema. Yaya alikuwa macho, akili timamu. Waliongea juu ya mvua. Yaya alifariki Jumanne, 29 Septemba 2015, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne, akiamini kwamba walimkataa.

Juzi, tukitafuta vyeti vyake, tulifungua daftari. Ukurasa wa Oktoba 2014 una mistari mitano, yote imefanana: chambo, jike, mayai yamekomaa, ameletwa na Honoré. Hakuna neno la kulaumu. Kama alijua, hakuandika. Mdogo wake alikaa chini palepale akamweleza mjane, Mama Douce, kila kitu. Mama Douce alifunga daftari, akasema, “Hukudanganya mi peke yangu. Utasoma mbele ya bantu bote.” Ndiyo sababu mmesikia haya.

Marehemu ameacha mjane, Capitoline, mabinti wawili, Douce na Bora, Shangazi Spès, na mdogo mmoja, mliyemsikia.

Mwenyekiti wa kamati tulimpigia simu jana. Ametuma rambirambi na kuomba radhi kwa kutofika. Leo ni Alhamisi, tarehe mosi Oktoba. Tangu alfajiri yuko ufuoni akihakikisha hakuna wavu unaoingia majini.

Yaya, walikubali. Lala kwa amani.