Upande wa Kuume

Sikilizeni wanangu, Gati na wewe Ryoba, sogeeni, maana sauti yangu leo haifiki mbali. Uoneni kwanza mtumbwi wa baba yenu kule kisiwani Rukuba, umeinama kama kuku aliyevunjika bawa, kwa kuwa wavuvi wote wamesimama kulia.

Ulikuwa mwaka ule wa shida, maduka ya Musoma matupu, tunafulia majani ya mpapai na kula unga wa njano tuliouita yanga. Baba yenu Kasmiri alisikia kanisani kwamba Yesu aliwaambia wavuvi watupe wavu upande wa kuume, basi msimu mzima akatupa kulia tu. Wenzake mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, wakamwuliza, “Kasmiri, ziwa la Mungu linakuwaga na upande mmoja?” Akarudi na dagaa wa kujaza kiganja, akaniambia, “Mama Gati, Kitabu kimenidanganya.”

Sikubishana naye, miaka yangu ya kufundisha darasani ilinifunza kwamba mwenye njaa hafundishiki. Nilisonga ugali mdogo, nikamwita jirani yetu Pelagia, ambaye tulikuwa hatusemezani tangu ng'ombe wetu waingie kwenye mihogo yake. Akaja na bakuli la mlenda, akaketi kuumeni kwa baba yenu. Chakula hakikuongezeka, msije mkasema niliona muujiza. Tulikula matonge machache, tukanawa. Lakini baba yenu alicheka, jambo ambalo nyumba ilikuwa imelisahau, akasema, “Kumbe wavu ulikuwa wa kutupa huku.”

Tangu hapo nikayasoma Maandiko hivyo: ziwa ni moyo, na upande wa kuume ni ule tuliokataa kuugeukia. Nimeshiba tangu siku ile, hata siku za sufuria kavu, na ninamshukuru Mungu.

Sasa biashara imefunguliwa kwa kila mwenye fedha, tajiri wa sangara anakitaka kiwanja chetu cha mwaloni, na ninyi mliokula sahani moja mnapishana mlangoni bila salamu. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Mimi jembe sina tena nguvu ya kulishika. Nyumba ya Musoma ni ya Gati. Shamba la Bugwema ni la Ryoba. Kiwanja ni chenu wote, asiuze mmoja bila mwenzake kuridhika, wala msikizungumze kabla hamjala pamoja.

Gati, maji kidogo... yanatosha, mama. Ryoba, kaa kuumeni kwa dada yako. Hivyo. Mungu awashibishe kama alivyonishibisha. Ugali uko jikoni, msiningoje... Kumbukeni moja tu, wanangu: kabla hamjasema hakuna kitu, mtazameni kwanza aliyeketi upande ule.