Ya Waya Haina Kisingizio

Kijiwe chetu ni benchi la chuma nje ya dobi ya mashine, hapa Adelphi, ughaibuni Marekani, chini ya bomba linalopumua joto la vikaushio. Mwenye dobi hataki watu wa kukaa bure, kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada lazima mmoja wetu awe na nguo zinazozunguka mle ndani, hata kama ni taulo moja na soksi. Honorata, ambaye tunamwita Mama Tito mbele yake na Balozi akiwa hayupo, huleta kahawa kwenye chupa. Respicius ni Kamati, kwa sababu hakuna msiba wa Mtanzania kutoka hapa hadi mji wa Falls Church ambao hajauundia kamati. Gichuki, Mkenya, anaendesha teksi za simu na anajiita Fundi. Mimi ni Edna. Wao wananiita Vipimo, kwa kuwa siwezi kumwacha mtu aseme "kama mita mbili hivi" bila kumuuliza kama alipima. Jumapili hii kahawa haikushuka vizuri. Jana yake tulikuwa wote wanne sebuleni kwa Mama Tito, mpira uko dakika za mwisho, ndizi ziko mezani, kengele ya mlango, ile yenye kamera, ikalia. Kwenye simu yake ikatokea sura ya Mzee Anatoli, tuliyemzikia mkewe, Anna, kabla ya Krismasi. Tukazima sauti ya mpira, tukajificha mpaka akaondoka. Sasa tulikuwa tunajiuliza jambo moja tu: alijua kwamba tulikuwemo?

— Mama Tito, hiyo kengele yako ni ya waya? alianza Gichuki.

— Ya waya. Tito aliifunga kabla hajahamia Texas.

— Hapo ndipo shida iko. Ya waya haina kisingizio. Inakunywa stima ya nyumba mchana na usiku. Leo tunanunua ya betri, naifunga sai sai, naipaka vumbi ikae imezeeka. Mzee akiuliza, unamwambia, "Pole mzee, betri ilikuwa imekufa."

— Kengele ililia, nikasema. Betri iliyokufa hailii.

— Ililia ndani! Yeye alikuwa nje.

— Na ile duara inayowaka taa ukibonyeza? Hiyo iko nje.

— Vipimo, wewe uko upande gani?

Sikuwa na upande. Nilikuwa sijalala.

— Tusikimbilie kununua, alisema Kamati kwa ile sauti yake ya kufungulia vikao. Ya waya nayo ina udhaifu. Inategemea transfoma. Tuseme transfoma imeungua.

— Umwambie Mzee Anatoli kitu kimeungua? Mama Tito akashtuka. Atakuja na bisibisi, halafu akae mpaka jioni.

Hicho ndicho kilichotufanya tusifungue. Mzee akiingia, anakaa. Akikaa, anaanza tena ile siku ya hospitali, daktari alivyovaa, Anna alivyoomba maji, na analia kwenye kitambaa chako cha meza.

— Kinachoniua mimi si kengele, Mama Tito akaendelea. Ni simu yangu. Nani alikuwa ameishika?

Tukamtazama Gichuki.

— Nilikuwa nacheki tu kama amesonga akaenda.

— Ulibonyeza pa kuongea na mtu wa mlangoni, nikamwambia. Alama ya maikrofoni ilikuwa ya kijani.

— Ya kijivu.

— Ya kijani, Gichuki.

— Na kama ilikuwa ya kijani, akauliza Kamati polepole, tulisema nini?

Alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Shii, akiingia huyu leo tutalala hospitali." Na mimi nilicheka. Si kwa sauti kubwa, lakini nilicheka.

— Ya betri ingetuokoa, Gichuki alishikilia. Ya betri hulala. Inaamka tu mtu akisogea. Tena na hii baridi, betri inaganda, sauti nayo inaganda. Inatoka kesho yake.

— Betri huisha haraka kwenye baridi, hiyo ni kweli. Sauti haigandi. Halafu ziko za betri ambazo unaweza kuziunga na waya zijichaji.

— Hizo hazifai. Hizo zina kisingizio nusu.

— Basi intaneti, akasema Kamati. Picha haitoki mlangoni ikaingia kwenye simu hivi hivi. Inakwenda kwanza Kalifonia. Mama Tito aliipata mzee akiwa ameshafika nyumbani kwake.

— Na magari? nikauliza. La kwako, la kwangu, la Gichuki lenye stika kubwa ya teksi?

— Tulikuwa tumetoka kwa miguu.

— Kwenye theluji?

— Mazoezi.

— Na harufu ya ndizi?

— Sikizeni, wasee, Gichuki akasimama kabisa. Mwizi. Kulikuwa na mwizi ndani. Ametulaza chini sisi wote, bunduki hapa. Tungefungua aje?

— Mwizi akakaa akatazama mpira?

— Kwani wezi hawana timu?

Kamati aliangua kicheko, kisha akaona anacheka peke yake.

— Mmesahau hotipoti, akasema Mama Tito.

Hatukuwa tumeisahau. Ile hotipoti tuliipeleka msibani ikiwa na pilau, na jana mzee alikuwa anairudisha. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Aliiacha kwenye ngazi, na gari lake lilipokata kona tuliifungua tukakuta maandazi, magumu, yameungua upande mmoja. Anna ndiye aliyekuwa akipika katika nyumba ile. Mzee alikuwa amejifunza kukaanga ili asirudishe chombo kikiwa tupu. Tuliyala na chai baada ya mpira, na Gichuki alisema kwa maandazi yale mtu anajenga ukuta.

— Ukisema betri, ukisema Kalifonia, Mama Tito alisema, yale maandazi bado niliyala nikiwa nimejificha.

Hapo ndipo gari la Mzee Anatoli lilipoegeshwa mbele yetu. Alishuka amebeba mfuko wa nguo uliofungwa kwa mkanda wa suruali. Tulisimama wote.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, wanangu. Kaeni, kaeni.

Mama Tito alimpisha katikati, akammiminia kahawa. Alijaza kikombe kupita kiasi, ikamwagika kwenye benchi.

— Jana nilipita kwako, Mama Tito. Sikukuta mtu.

— Eeh, mzee... pole.

— Si kitu, nyinyi ni watu wa kazi. Niliwaachia maandazi. Yameungua kidogo.

— Yalikuwa matamu! Gichuki alisema haraka mno, ikabidi arudie kwa sauti zaidi, na mara ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Mzee alitabasamu. Akapuliza kahawa.

— Nimewafuata na shida. Nataka na mimi ile kengele yenye kamera. Zile zinazokuletea taarifa kwenye simu, simu inatikisika mfukoni. Ninyi mnazijua. Nichukue ya waya au ya betri?

Fundi alitazama viatu vyake. Kamati alikohoa. Wote wakanigeukia mimi.

— Unataka ya nini, mzee? nikauliza.

— Masikio, binti yangu. Hili la kulia lilikufa zamani, na hili la kushoto linalifuata. Sikupenda watu wajue. Anna ndiye aliyenisikilizia mlango. Watu wakizungumza, yeye alinirudishia maneno.

Ni kweli, alikuwa akimrudishia. Sisi tulidhani ni mama anayependa kurudia maneno.

Kwa hiyo jana hakusikia kitu. Kijani au kijivu, hakusikia. Nilishusha pumzi, na pumzi ile yenyewe ikanitia aibu.

— Sasa nikiwa jikoni, mzee aliendelea, mtu anagonga weee, mimi sina habari, mpaka anakwenda zake. Najua mnakuja. Mlivyokuwa nasi kwenye msiba, najua hamwezi kukaa hivi bila kuja. Mnagonga, mnarudi. Mnasema, huyu mzee vipi, mbona hafungui? Naona haya sana mbele yenu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekanyaga kwake tangu kamati ya msiba ivunjwe.

— Mzee, Mama Tito alianza, kisha akaishia kufunga chupa ya kahawa.

— Hiyo kengele itachukua muda kufika, na atatakiwa mtu wa kuifunga. Basi kwa sasa nisaidieni hivi tu. Niambieni huwa mnakuja saa ngapi, nikae karibu na mlango.

Ndani ya dobi mashine yetu ilimaliza kuzunguka, ikasimama. Gichuki alifungua mdomo, akaufunga. Kamati alikuwa anafuta kahawa kwenye benchi kwa kiganja.

Mzee Anatoli alingoja. Halafu akajisogeza kwetu, akatugeuzia sikio la kushoto.

— Semeni kwa nguvu kidogo, akasema. Sijasikia.