Gunvor Nyholm na Saa Inayopotea Kati ya Vaasa na Umeå

Ijumaa tarehe 31 Mei, Gunvor Nyholm atafunga dawati la abiria hapa uwanja wa ndege wa Vaasa kwa mara ya mwisho. Amelikalia kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza kwenye mizigo, akahamia tiketi, na tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa swali moja: kutoka hapa hadi Umeå ni muda gani? Jibu ni nusu saa. Ni kilomita mia moja na kidogo, visiwa na maji matupu. Lakini ratiba inasema ndege huondoka saa tatu asubuhi na kutua saa mbili na nusu, kwa kuwa Umeå iko Uswidi, na wao wako nyuma yetu sisi wa Ufini kwa saa moja. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Bwana mmoja aliuliza kama ina maana yeye amekwisha fika. Gunvor alifikiri kidogo, akamshauri apande tu, kwa usalama.

Kwaya moja kutoka Umeå ilitua hapa ikakuta imechelewa mazoezi. Kiongozi wao alimjia amefura.

"Mama, saa yetu moja imekwenda wapi?"

"Tumewawekea hapa, baba. Mtaichukua mkirudi."

Siku ya kurudi walipanga foleni kuidai.

Yeye mwenyewe huvaa saa mbili: mkono wa kushoto ya kwetu, wa kulia ya Umeå. Kuna siku alizivaa kinyume akala chakula cha mchana mara mbili, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kibao alichoandika dawatini, "Usihesabu. Panda," kiliondolewa na wakubwa, kisha kikarudishwa kwa sababu abiria walikiulizia.

Mimi napika mkahawani. Msimu wa baridi uliopita kaka yangu Holger alizidiwa hospitalini Umeå. Nilipanda ndege ya saa tatu, na nilipofika wodini nikaambiwa ameaga dunia saa tatu kasoro dakika kumi. Nilipiga hesabu kichwani wakati huo nilikuwa wapi, nikajiona hapa Vaasa, nasubiri kuitwa, nakula andazi la iliki. Niliamini hivyo kwa wiki nyingi. Sikuweza tena kukanda unga wa yale maandazi, na sikumwambia mtu.

Gunvor aligundua maandazi hayapo. Aliniketisha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mikono yake yote miwili mezani, saa kando ya saa.

"Dada, hiyo ni saa ya kwao. Andazi ulikuwa umelimaliza zamani. Ulikuwa umeshatua dakika ishirini kabla."

"Sikumwona, Gunvor."

"Hukumwona. Lakini ulikuwa kwenye teksi, mji mmoja naye. Ulikuwa umeshavuka."

Nilimfanya anirudie hesabu hiyo mara kadhaa, maana bado inanichanganya. Hakuchoka. Asubuhi iliyofuata nilikanda unga.

Sasa Gunvor anahamia Umeå kwa binti yake. Sisi tukiwa kazini, yeye atakuwa bado amelala, na kwa tunavyojijua tutamwamsha kwa simu kuuliza ni saa ngapi. Anasema ile saa ya mkono wa kushoto hataivua.

Asante, Gunvor, kwa nusu saa zote hizo. Vuka salama, na siku zako huko ziwe njema na nyingi. Andazi la safari nimekufungia. Ulile ukishatua.