Mbuzi wa Ukoo

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe 26 Desemba 2025, babu mmoja alipowagawia wajukuu nyama ya mbuzi wa Krismasi. Niliyasikia ndani ya Noah ya abiria, tukishuka Moshi kutoka Kidia. Migomba ilipita ukunguni kama akina mama wa zamani, nami nikisinzia. Aliyesimulia ni Gladness, binti wa babu huyo, akiwa amempakata bintiye wa miaka saba, Eunike, ambaye baba yake ni Mzungu wa Norway.

“Wajukuu wote waliitwa, bibi. Huyu akabaki ameshika sahani.”

“Mwanangu, mtoto wa binti hula kwa ukoo wa baba yake,” akasema bibi wa kiti cha jirani.

“Huko Norway nani atamchinjia mbuzi?”

“Basi wamchinjie samaki!” Bibi akacheka, kisha akazipapasa taratibu nywele za mtoto aliyefumba macho.

Gari likatumbukia shimoni. Lami ya njia hii wakubwa waliiahidi tangu mke wangu akiwa hai.

“Shuleni wanamwita Mzungu, kwa baba yake wanamwita Mwafrika. Mimi nikamwambia kwa babu ndiko kwao.”

Bibi hakucheka tena. Tukasimama stendi. Eunike akafumbua macho.

“Mama, na mwakani babu ataniita?”