Kasimiri Nandonde, Fundi wa Mpingo Aliyekataa Kuacha Mwanya

Padre, wanakamati, ndugu na majirani, poleni kwa msiba. Mimi ni Flaviana, mdogo wake marehemu, tumefuatana kuzaliwa. Nimeombwa nisome kwa ufupi. Aliyeomba ufupi huo ana sababu zake, nami nitasoma kama nilivyoandika.

Kasimiri Deogratias Nandonde alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 katika kijiji cha Mnyambe, Newala, mtoto wa kwanza wa Mzee Deogratias na Mama Sesilia. Mama alikuwa akisimulia kwamba hata titi hakulipokea kabla ya kumkagua anayempa. Wengi wenu mliomkaribisha chai mnajua kwamba tabia hiyo hakuiacha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Hesabu aliziweza, ila swali likiwa rahisi aliliruka, akidhani mwalimu ametega. Baba akaona bora amfundishe kuchonga, kwa kuwa mpingo haumtegi mtu.

Mwaka 1977 alikuja Dar es Salaam akachonga na wenzake Mwenge, na mwaka 1989 akafungua kibanda chake hapa Gongo la Mboto. Mwaka 1996 alifika mteja Mjapani, Bwana Tanabe, mtaalamu wa visima, akaagiza vidude vya mviringo kama vifungo vya koti: vyeusi vya mpingo, vyeupe vya mfupa wa ng'ombe. Kasimiri akaifuata mifupa machinjioni Vingunguti, akachonga, akasugua, kisha akakataa kuvitoa. Alishajiaminisha kwamba ni vya kupigia ramli. Akamwambia mteja, "Mie nimemaliza, ila haviondoki hapa mpaka nijue vinaenda kufanya nini." Yule bwana hakuwa na la kufanya. Akachora mistari kwa chaki juu ya meza, akamfundisha.

Mchezo huo unaitwa Go. Wawili wanapokezana kuweka vidude hivyo, viitwavyo mawe, penye njia panda za mistari. Mawe yaliyoungana hulindana, na yaliyozungukwa pande zote huondolewa. Kasimiri aliupenda siku hiyohiyo, kwa sababu ni mchezo unaomlipa mtu mwenye wasiwasi. Aliona upesi kwamba mawe mawili yaliyokaa kihanamu yanaonekana ndugu, kumbe kati yake pana mwanya. Adui akiingia hapo, kila moja linabaki peke yake na kufa kivyake. Mwanya huo aliuita "penye kisu". Mwanzoni aliuogopa mpaka akawa anayabananisha mawe matatu kwenye kona moja, yakifanya kazi ya mawili. Bwana Tanabe alimcheka, akamwonyesha kwamba yanaweza kukaa mbalimbali na bado yakashikana, mradi adui akigusa huku, uwe na jibu la kule.

Kila Jumamosi alicheza na jirani yetu Sebastian, yuko pale mbele. Sebastian aliwahi kumuuliza, "Braza, mbona unaziba hapa na mie sina hata mpango wa kupita?" Kasimiri akamjibu, "Ndiyo maana naziba. Ukishakuwa na mpango, nitakuwa nimechelewa."

Tarehe 12 Septemba 1992 alifunga ndoa na Vaileth, baada ya kumuulizia kwa paroko wake, kwa mwenye nyumba wake na kwa muuza genge wa mtaani kwao. Wifi yangu alizijua habari zote hizo na bado akamkubali. Wakajaliwa Brightson na Clara. Kabla ya ndoa, mwaka 1985, Kasimiri alimpata binti yake Sesilia, akamtambua, akampa jina la mama yetu. Sesilia alikulia Temeke kwa bibi yake mzaa mama. Jumamosi alikuja kibandani, akacheza na baba yake na wadogo zake, akawafunga wote. Kuna waliosema mtoto wa mbali si wa nyumbani. Kasimiri alisema umbali si kasoro. Kasoro ni mtu wa nje kuweza kuingia katikati na wewe huna jibu.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Hospitali ilikuwa karibu na kwa Sesilia, hivyo uji ulitoka kwake, na Vaileth alilala kwake. Mwezi uliopita kaka aliwaomba wote watoke, nikabaki mimi. Akaniambia, "Flaviana, nikishazikwa watakata hapa, kati ya Sesilia na wenzake." Nikamuuliza ni nani. "Sijui," akasema. "Ndiyo maana nakwambia mapema." Nilidhani ni wasiwasi wake wa siku zote. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024.

Kijitabu mlicho nacho mkononi ni cha pili. Cha kwanza kilitoka na watoto wawili. Binamu yetu Wilfred, mwenyekiti wa kamati, aliniambia nafasi haikutosha. Picha ya keki ya jubilei ya ndoa yake ilipata nafasi ukurasa mzima. Baadaye nikasikia pembeni kwamba Sesilia akitajwa italeta ishu kwenye mirathi. Niliumia kuliko siku ya kifo chenyewe. Brightson na Clara ndio waliokwenda wenyewe kukirudisha kwa mchapaji.

Kasimiri ameacha mjane, Vaileth, watoto watatu, Sesilia, Brightson na Clara, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Bwana ampokee kaka yetu, na mwili wake ulale kwa amani.

Yanayofuata hayamo kwenye kijitabu, nayasema kwa mdomo wangu. Naona viti vya familia vimejaa, na kimoja kimekaliwa na begi. Sesilia namwona kule nyuma, nje ya turubai, pamoja na akina mama wanaopika. Wilfred, chukua begi lako. Sesilia mwanangu, vua aproni, njoo ukae na wadogo zako. Padre atuwie radhi, jeneza halitatoka hapa kabla hujakaa.