Oguta Atalala Upande Gani

Kijiwe cha Suna kiko nyuma ya duka la simenti: benchi mbili, birika la kahawa la Edinah na maneno mengi. Asubuhi hiyo Javan alikuja na gunia, akaliweka chini ya benchi taratibu utadhani ndani amelala mtoto. Lilikuwa na yago, lile tunda refu, zito, ambalo Wajaluo huzika badala ya mtu ambaye mwili wake haukurudi nyumbani. Jumamosi lingezikwa kwa niaba ya Oguta, mdogo wa babu yake, aliyekwenda vita vya Burma akafia huko. Shangazi Filister, aliyezaliwa baada ya vita na sasa hajiwezi, humwota mtu huyo amesimama langoni, haingii. Javan ndiye aliyepewa jina lake la Oguta, kwa hiyo mzigo ukamwangukia yeye.

– Kwani huyo mzee alikufa aje? aliuliza Koplo, ambaye alilinda lango la shule miaka mingi na tangu hapo mambo yote ya jeshi ni yake.

– Tulisikia ni risasi, alisema Javan.

– Risasi wapi! Omera, Burma watu walimalizwa na malaria. Mbu ya huko ni kubwa kama kuku.

– Si malaria, alidakia Bibisi, fundi wa redio ambaye hakuna habari inayompita. Meli yao ilizamishwa. Wakubwa wakanyamaza.

– Meli gani?

– Hiyo ya pili.

– Ya pili baada ya gani?

– Koplo, wacha nimalize! Oguta aliogelea. Mtu wa Sori, mtu wa ziwa, utamzamisha na maji gani? Akatokea ng'ambo, wakampatia ndege.

– Ndege? Mtu hata baiskeli hakuwa nayo?

– Ndio maana hakurudi. Kushuka ndio hakufunzwa.

Edinah alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Javan naye alicheka, kisha akajisikia vibaya. Mwaka mzima alikuwa akizunguka kwa wazee wa Sori na Homa Bay akiuliza habari za Oguta, na kila mmoja alikuwa amemuua kwa namna yake, kama hawa tu.

Pembeni alisimama mama mmoja, Nyanchoka, aliyenunua simenti na sasa alikuwa akingoja mkokoteni. Alikuwa amesikia yote.

– Samahani, wazee. Huyo mtu mtamzika wapi?

– Nyumbani, Mama, alisema Javan.

– Nyumbani upande gani? Kwani alikuwa na bibi?

Aliyeoa huzikwa mbele ya nyumba yake; ambaye hakuoa hulazwa kwa mama yake. Kila aliyekaa pale alilijua hilo toka utotoni, na hakuna aliyelikumbuka. Bibisi alichungulia kikombe chake. Koplo alitazama barabara.

Javan alihisi aibu ikimpanda usoni. Kwa wale wazee alikuwa ameuliza habari za vita, za bunduki, za kikosi. Hakuna siku aliyouliza ni nani aliyempikia Oguta, au aliyemlilia. Sasa waliojua wote walikuwa wamekufa, na Jumamosi watu wangesimama na majembe wakimtazama yeye.

Akakumbuka shamba la mahindi nyuma ya nyumba ya Shangazi. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yake Oguta. Limebaki jiwe la kusagia tu, na kila anayelima hulizunguka.

– Bibi sijui, alisema. Lakini mama alikuwa naye. Nitachimba kando ya lile jiwe.

Edinah aliinamisha birika. Halikutoa kitu. Javan akavuta gunia, na Koplo akainuka kumsaidia, akilibeba kwa mikono miwili kutoka chini.

– Na kama alikuwa ameoa? aliuliza Koplo, kwa sauti ndogo.

– Si atamwambia mama yake.